Node.js yakataa kufunguka kwenye Raspberry Pi 4 ingawa faili lipo

fundi_likoni:
Assalaam aleikum. Nimefunga Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya kadi moja, katika duka la samaki la mjomba wangu hapa Likoni, isome joto la friji kila baada ya dakika tano na kunitumia taarifa kwenye simu. Programu nimeiandika kwa JavaScript, kwa hiyo nahitaji Node.js, programu ya kuiendesha. Amri ya `uname -m` ilinijibu `aarch64`, yaani ARM ya biti 64, nikapakua toleo la 22 la arm64 (jina jingine la hiyo hiyo) na kulifungua ndani ya `/opt`. Nikiorodhesha saraka, faili la `node` naliona kwa macho yangu, na ruhusa ya kuendeshwa linayo. Nikiliita, mashine inasema hakuna faili wala saraka ya jina hilo. Nimelipakua mara tatu, bando limekwisha, na jibu ni lile lile. Kosa liko wapi?

mwana_kibokoni:
Wa aleikum salaam, fundi. Usipakue mara ya nne, faili lako ni zima. `uname` hukueleza habari za kerneli tu, yaani kiini cha mfumo, na tangu 2023 Raspberry Pi OS ya biti 32 huwaka kwa kerneli ya biti 64 kwenye Pi 4, huku maktaba zote, yaani faili ambazo programu huzitegemea, zikibaki za biti 32. Uliza kwa `dpkg --print-architecture`. Ukiona `armhf`, yaani mfumo wa biti 32, ndipo penye tatizo. Kinachokosekana ni `/lib/ld-linux-aarch64.so.1`, kipakiaji ambacho `node` ya arm64 hukihitaji kabla ya kuanza, lakini ujumbe haukitaji. Mimi ulinifanya nikeshe siku mbili. Chukua `linux-armv7l`, faili la biti 32, ya toleo hilo hilo.

pwani_kodi:
Sahihi, ila mwenye Pi Zero ya kwanza au Zero W asiifuate njia hiyo. Prosesa yake ni ya ARMv6, kizazi cha zamani zaidi ya ARMv7, nayo itakwama kwenye agizo isilolijua. Faili rasmi za ARMv6 ziliachwa kuanzia Node.js 12. Kwako wewe fundi, ningetafuta kadi nyingine ya kumbukumbu na kuweka mfumo wa biti 64, kwa sababu skripti nyingi za usakinishaji huuliza `uname` na kukuletea arm64 tena. Ukiwa huna kadi, andika `arm_64bit=0` katika `/boot/firmware/config.txt`, uzime na kuwasha. Kerneli itarudi biti 32 na skripti hazitakosea.

fundi_likoni:
Shukran, ndugu zangu. `dpkg` imejibu `armhf` kama ilivyosemwa, nikaweka armv7l, na asubuhi hii friji limesomeka nyuzi 18 chini ya sifuri. Kadi ya biti 64 nitaiandaa nyumbani na kuibadilisha Ijumaa duka likifungwa kwa swala, maana mjomba hataki friji likae bila kuangaliwa saa za mauzo.