Wauza redio na flashi za magari Kampala, mnatuibia mchana kweupe

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha. Naandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha, maana kinachofanyika kwenye biashara ya redio za magari na flashi hapa Kampala ni wizi, na wanaoibiwa ni sisi wenye magari ya zamani.

Naanza na jambo ambalo kila fundi wa redio mjini analijua ila mteja haambiwi. Magari yetu mengi yametoka Japani. Redio iliyokuja na gari la Japani imetengenezwa kushika FM kuanzia 76 hadi 90, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa masafa ya kwao. Stesheni zetu huku ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio hiyo inashika kipande kidogo tu cha mwanzo, na kwa Kampala kipande chenyewe kimejaa: Akaboozi 87.9, Sanyu 88.2, Super 88.5, CBS 88.8, halafu CBS tena 89.2. Sasa mtu anaingia dukani, anasema nina nyimbo nyingi kwenye simu, nataka kuzisikiliza garini. Anauziwa transmita ya FM, kile kidude cha kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara. Anaambiwa, "Tafuta namba iliyo wazi, weka hapo, basi."

Namba gani iliyo wazi? Transmita inaanzia 87.5, redio inaishia 90, na hapo katikati wamejipanga wenye minara. Ukiwa Wandegeya unasikia rumba yako huku mtangazaji anasoma matangazo ya vifo juu yake. Ukikaribia Kololo, kwenye kilima chenye minara, wimbo unamezwa wote. Muuzaji anajua. Gari liko mbele ya duka lake, analiona ni la Japani, na bado anapokea pesa.

Ukirudi kulalamika unauziwa ekspanda. Hiki ni kiboksi kinachokaa kati ya waya wa eriali na redio, kazi yake ni kuzishusha stesheni zetu ziingie kwenye masafa ya Kijapani. Kwa kusikiliza stesheni kubwa kinasaidia, sikatai. Lakini kinashusha kila kitu kwa pamoja, na ile transmita yako nayo. Namba unayoiona kwenye redio si namba uliyoiweka kwenye transmita, na zile stesheni zenye nguvu za 88 na 89 bado zinapenya na kugongana na zilizoshushwa. Fundi akimaliza kufunga anaondoka. Kupanga upya ile transmita ni juu yako, na hajakwambia hata kwamba inahitaji kupangwa.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini nisisikilize nyimbo kwa intaneti kama watu wengine. Mimi ni mtu wa Bombo, gari langu ni Toyota Noah, napeleka wafanyabiashara na mizigo yao Arua. Ni karibu kilomita 500. Ukishapita Luweero stesheni za Kampala zinaanza kukwaruza. Migyera, Kafu, Kigumba hadi Karuma, kuna vipande vya barabara ambavyo mtandao wa simu wenyewe unakuja na kuondoka, na bando linakatwa hata wimbo usipomalizika. Halafu nyimbo zangu nyingi hazipo huko intaneti. Nina taarab za zamani, rumba, zilizopendwa, kadongo kamu, na nyimbo za harusi za Kinubi zilizorekodiwa nyumbani kwetu kwa kaseti, ambazo marehemu mzee alizitunza kwenye sanduku la mbao na mimi nikazihamishia kwenye kompyuta moja moja. Wimbo wa kaseti huwezi kuuharakisha: dakika 60 za kaseti ni dakika 60 za kukaa pale unasubiri. Mkusanyiko wote unakaribia GB 180. Abiria wangu ni wazee wa West Nile wanaosema Kiswahili, na wakisikia nyimbo hizo wanaamka usingizini. Hicho ndicho ninachokitaka ndani ya gari, na si kitu kigumu kwa teknolojia ya leo.

Redio iliyokuja na Noah yangu ilikuwa na mlango wa CD na mlango wa MD, zile diski ndogo za Kijapani ambazo hapa kwetu hakuna aliyewahi kuzinunua. Haikuwa na USB wala tundu la AUX usoni. Ilikuwa nzima, sauti yake safi. Nikaipeleka kwa fundi, nikamwambia nataka njia ya kuingiza nyimbo zangu. Alichomoa betri kwanza. Alipoirudisha, redio ikaleta maandishi ya Kijapani na kukataa kila kitu. Akaniambia, "Hajji, hii imekufa. Zinakufaga hivyo. Chukua ya Android."

Haikuwa imekufa. Redio nyingi za Toyota zenye ramani, kama yangu, betri ikichomolewa zinajifunga, zinadai ile diski au kadi ya ramani iliyotoka nayo Japani, au namba ya kuifungua. Ni ulinzi dhidi ya wezi. Fundi wa redio ambaye hajui hilo hapaswi kugusa betri ya mtu, na anayelijua akanyamaza ni mwizi. Tena nyuma ya redio nyingi za aina hiyo kuna soketi ya VTR, ya kuingizia picha na sauti kutoka nje, na kuna waya wa bei ndogo unaochomekwa pale ukakutolea tundu la AUX la kuunganisha na simu. Nyingine zina soketi ya CD changer, mashine ya kubeba na kubadilisha CD kadhaa, na kuna kiboksi kinachochomekwa hapo kikaifanya redio iamini imefungiwa changer, kumbe inasoma flashi. Kina mipaka yake, mara nyingi nyimbo 99 kwa kila folda na folda chache, ila kinafanya kazi na dashibodi haiguswi. Yote haya nimeyajua kwa binamu yangu wa Arua, fundi wa umeme wa magari, baada ya pesa kutoka.

Na ile redio "iliyokufa" fundi alibaki nayo. Nilipopita kwake baadaye niliikuta kwenye rafu, inawaka, ina kikaratasi cha bei. Niliitambua kwa alama ya wino mwekundu ambayo mwanangu aliichora kando ya kitufe cha kutolea CD. Nilimwuliza. Akaniambia ni nyingine.

Turudi kwenye hiyo redio ya Kichina ya Android aliyonifungia. Nafasi ya redio kwenye dashibodi ya Toyota ina upana wa milimita 200. Redio nyingi za Kichina ni za milimita 178. Kuna fremu za kuziba tofauti hiyo, lakini yangu ilizibwa kwa vipande vya plastiki na gundi, na kwenye barabara mbovu vinagonga njia nzima. Nyaya nazo: redio ina waya wa njano wa umeme wa kudumu, na mwekundu wa umeme unaokuja ukiwasha funguo. Alivifunga vyote viwili pamoja kwenye umeme wa kudumu. Redio haikuwa inazimika, ilikuwa inalala tu huku inakula betri. Nimewahi kuamka alfajiri na abiria wamekwisha kufika na mizigo yao, gari halitoi hata mlio. Kazi ya kutenganisha nyaya mbili, binamu yangu aliimaliza kabla chai haijapoa.

Sasa flashi, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Niliambiwa kwa sababu nina nyimbo nyingi nichukue flashi ya 2TB, yaani kama GB 2,000. Imeandikwa hivyo kwenye pakiti, imeandikwa hivyo kwenye chuma chake, na ukiichomeka kwenye kompyuta inakuonyesha 2TB. Nililipa shilingi 70,000. Nikanakili nyimbo usiku kucha, zikaingia zote, majina yakaonekana yote. Garini nyimbo za folda za mwanzo zikaimba. Kuanzia folda za katikati, jina la wimbo linatokea, sekunde zinahesabu, sauti hakuna. Nyingine zinaanza taarab zinaishia mlio kama wa bati.

Flashi hizi ni za kughushi, na ujanja wake uko hivi. Ndani kuna kumbukumbu ndogo, yangu ilikuwa na GB 32 tu, lakini kile kichipu kinachoiongoza kimepangwa kudanganya kompyuta kuhusu ukubwa. Kompyuta ikipeleka faili, kichipu kinapokea na kusema nimehifadhi. Nafasi ya kweli ikijaa, kinachofuata kinatupwa au kinaandikwa juu ya kilichotangulia. Ni jerikeni lililotoboka karibu na chini: unamimina kutwa nzima na halijai kamwe. Majina yanaonekana kwa sababu orodha ya faili inakaa mwanzoni, kwenye sehemu ambayo ni ya kweli. Hakuna onyo lolote unaloliona.

Mimi kaseti zangu bado ziko kwenye kompyuta nyumbani. Lakini kuna mama mmoja jirani yetu alinunua flashi ya namna hiyo hiyo, akahamishia humo video na nyimbo za harusi ya binti yake pamoja na mawaidha ya marehemu mumewe, kisha akauza kompyuta apate ada ya shule. Nimekaa naye sebuleni tukijaribu kuzifungua. Picha ya kwanza ya video inatokea, bi harusi yuko mlangoni, halafu inasimama hapo hapo. Kila video. Yule mama hakulia mbele yangu, ila sauti ya mumewe hatairudisha kwa pesa yoyote. Nyie mnaouza hivi vitu mnafahamu mnachokifanya?

Nilirudi dukani. "Hajji, bidhaa ikitoka hairudi." Ndivyo ilivyopigwa muhuri kwenye risiti. Basi muhuri huo haufuti sheria. Uganda tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji Huduma ya 2017, na kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo yake. Ukiandika 2TB na ndani mna GB 32, hujaniuzia ulichosema. Na UNBS, shirika la viwango la taifa, wanapokea malalamiko ya bidhaa za namna hii, kwa hiyo wekeni risiti zenu, msizitupe.

Kabla hujanakili chochote, flashi mpya ijaze yote kwa programu ya ukaguzi, halafu isomwe upya kuona kama kilichoandikwa kimo chote. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Inachukua saa nyingi kwa flashi kubwa. Acha ichukue.

Hata flashi ya kweli ina mambo yake ambayo muuzaji angeyasema kwa sentensi mbili. Redio za zamani zinasoma FAT32, ile namna ya zamani ya kufomati flashi. Flashi kubwa zinakuja na exFAT, namna mpya zaidi, redio inasema hakuna faili, nawe unadhani flashi ni mbovu. Dirisha la kawaida la kufomati la Windows kwa miaka mingi limekuwa halikubali FAT32 zaidi ya GB 32, inabidi utumie programu ya pembeni. Vitabu vya redio kadhaa za Toyota vinataja wazi kikomo cha faili 255 kwa folda moja na 9999 kwa flashi nzima, zikizidi hazionekani. Redio nyingi pia hazipangi kwa alfabeti, zinapiga kwa mpangilio ambao faili zilinakiliwa, ndiyo maana albamu inaruka ruka. Na faili za nyimbo za aina ya FLAC redio nyingi hazizijui kabisa, zigeuze ziwe MP3. Kwa hiyo mwenye nyimbo nyingi anafaa kununua flashi tatu za kweli za GB 64 badala ya moja ya uongo. Duka lenye uaminifu lingeuza tatu, likapata faida zaidi, na mteja angerudi.

Msiniambie dawa ni kununua gari jipya. Tangu 2018 gari lenye miaka 15 au zaidi haliruhusiwi kuingia nchini, lakini yaliyokwisha ingia yapo na yataendelea kuwapo, maana bei za mapya tunazijua. Ni maelfu ya wateja. Tuheshimiwe kama wateja.

Ninachotaka kwa mafundi: usichomoe betri ya mtu kabla hujaangalia ni redio gani na diski yake iko wapi, na redio ya mtu uliyoitoa mrudishie mkononi, nzima au mbovu. Kwa wauza flashi: ichomeke mbele ya mteja, ijaribu, ikishindwa usiiuze.

Na nyie wenzangu, kila mwenye Noah, Wish, Premio, Ipsum au Fielder ya zamani, andika hapa chini namba ya redio iliyobandikwa kwenye kibandiko cha juu yake, na waya au kiboksi kilichokukubalia. Yangu ya zamani ilikuwa na soketi ya VTR ya pini 6, na binamu ameniahidi kunitafutia nyingine ya namba ile ile. Ikifika naing'oa hii Android.