Tupeane uzoefu: Nini kiliamsha soriasisi mwilini mwako?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, naomba sisi tunaoishi na soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka na magamba, tusimuliane ilivyotuanza, kwa sababu wengi wetu tulitibiwa fangasi kwa muda mrefu kabla ya kuujua ugonjwa wenyewe. Kwangu ilianzia kwenye viwiko na kichwani, na kwa kuwa ngozi yangu ni nyeusi, mabaka yalikuwa ya kijivu na zambarau, wala si mekundu kama yanavyochorwa mara nyingi. Daktari wa ngozi alinieleza kwamba chanzo ni kinga ya mwili: chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T huchochea uvimbe kwa kemikali kama interlukini 17 na 23, na ngozi ambayo kwa kawaida hujifanya upya kwa takriban mwezi mmoja hufanya hivyo kwa siku chache tu, hata seli zisizokomaa zikarundikana na kuwa magamba. Ushahidi mkubwa ulipatikana mwaka 1979, wagonjwa wa viungo walipopewa siklosporini, dawa inayotuliza kinga, na mabaka yao yakafifia.

Mama wa Tanga
Ahsante, kaka. Mwanangu aliugua mafindofindo, na wiki chache baadaye akatokwa na madoa madogo mgongoni na tumboni. Tuliambiwa kwamba bakteria wa koo waitwao streptokoki huweza kuiamsha kinga hadi ikaishambulia ngozi ya mtu mwenye asili ya ugonjwa huu. Kilichoniumiza zaidi ni majirani kuwakataza watoto wao kucheza naye, ilhali soriasisi haiambukizi kabisa.

Mkazi wa Moshi
Kwetu ni ya ukoo: mama anayo, nami ninayo. Jeni inayohusishwa nayo zaidi ni HLA-C*06:02, lakini kinachorithiwa ni uwezekano tu, kwani hata katika pacha wa kufanana mmoja huweza kuugua na mwenzake akabaki salama. Yangu ilijitokeza juu ya kovu la upasuaji, jambo ambalo daktari Mjerumani Heinrich Köbner alilieleza tangu karne ya 19.

Msomaji wa Mombasa
Naomba niwasihi, ndugu zangu, msinunue kiholela vidonge vya steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Mimi niliuziwa prednisoloni bila cheti, ngozi ikatakata upesi, na nilipoziacha ghafla nikajaa vipele vya usaha pamoja na homa, nikalazwa. Baadhi ya dawa za presha, lithiamu (dawa ya maradhi ya akili) na klorokwini (dawa ya malaria) nazo huweza kuuchochea ugonjwa, kwa hiyo mwelezeni daktari kila dawa mnayotumia. Siku hizi vidole vyangu hukakamaa asubuhi na kucha zimeingia vitundu, dalili zinazoonyesha kwamba uvimbe umefika kwenye viungo, na nimeshauriwa kuanza methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga. Aliyewahi kuitumia anieleze ilichukua muda gani kumpa nafuu, na vipimo vya damu na ini hufanywa kila baada ya muda gani.