Sukari imetulia kwa dawa na chakula: mazoezi bado yana kazi?

Mwenye_Duka: Wakuu, naombeni mawazo. Nina miaka 52, kisukari aina ya pili, mwaka wa sita huu. Natumia metformini asubuhi na jioni, ugali nimeupunguza hadi saizi ya ngumi, soda nimeacha kabisa. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ile HbA1c, kimesoma asilimia 6.4. Daktari kafurahi, kisha akauliza, "Na mazoezi?" Nikakosa jibu. Nakaa dukani toka asubuhi hadi saa mbili usiku. Njia ninazoziona ni tatu: nibaki nilivyo, nitembee jioni, au nilipie gym ya mtaani, elfu arobaini kwa mwezi. Ipi ina maana kwa mtu ambaye sukari imeshatulia?

Babu_Chanika: Baki ulivyo. Mimi mwaka wa tisa, chakula na vidonge tu, na kila nikienda kliniki niko chini ya 7. Sioni sababu ya kujichosha.

Nesi_Zamu: Shikamoo Babu. Naomba nikupinge kwa heshima. Kipimo kile kinasoma sukari peke yake. Hakioni presha, hakioni lehemu (mafuta ya kwenye damu, kolesteroli), hakioni msuli unaopungua kwa kukaa. Na wenye kisukari wanaondoka zaidi kwa moyo na kiharusi.

Halafu msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini, homoni inayoingiza sukari mwilini, ikiwa haba. Ukishapumzika, mwili unaendelea kuipokea insulini vizuri kwa siku moja hadi tatu hivi, kisha faida inaisha. Ndiyo maana kliniki tunasema zisipite siku mbili mfululizo umekaa tu. Kwa wiki, lengo ni dakika 150 za kutembea kwa kasi, yaani unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, pamoja na mazoezi ya misuli mara mbili au tatu.

Msomaji_Tanga: Nesi, tuwe wakweli. Kuna utafiti wa Marekani, Look AHEAD, watu zaidi ya 5,000 wenye kisukari na uzito mkubwa. Kundi moja lilisimamiwa kula kidogo na kufanya mazoezi kwa miaka. Matokeo yalitoka 2013: mashambulio ya moyo na kiharusi hayakupungua kuliko kundi la pili. Babu ana hoja.

Nesi_Zamu: Ni kweli, na sipendi tulifiche. Ila angalia kundi la pili: nalo lilitibiwa vizuri, na lilihitaji dawa nyingi zaidi, zikiwemo za lehemu. Wale wa mazoezi walifika hapohapo kwa dawa chache, walilala vizuri zaidi, na miguu yao ilibaki na nguvu ya kutembea na kupanda ngazi. Kwa mtu wa miaka 52 mwenye duka, hicho si kidogo. Na kisukari hakisimami mahali pamoja. Kongosho linaendelea kuchoka, dozi inayotosha leo huenda isitoshe baada ya miaka mitano. Mimi ningependa aifikie siku hiyo akiwa na misuli.

Mama_Kibada: Mwenye Duka, una bahati kwamba unatumia metformini peke yake, maana hiyo ni nadra kukushushia sukari kupita kiasi. Mimi niko kwenye glibenklamidi, kidonge kinachoweza kuishusha mno. Siku moja nilitoka kutembea kabla ya kula, jasho la baridi likanitoka, mikono ikatetemeka, nikakaa chini barabarani. Kupima sukari ya wakati huo kwa kidole, 3.1 mmol/L, chini mno. Walionisaidia walikuwa vijana wa bodaboda, walininunulia juisi. Sasa napima kwanza, nikiwa chini ya 5 nakula ndizi ndipo natoka. Wa insulini vilevile. Na viatu jamani! Vikung'ute kabla ya kuvaa, miguu ikishakufa ganzi hutasikia kokoto mpaka kidonda kianze.

Vyuma_Mbagala: Gym nzuri, lakini elfu arobaini si lazima. Dumu la maji la lita 5 kila mkono, kukaa na kusimama kwenye kiti mara kumi, pushapu za ukutani. Fanya humohumo dukani. Kila nusu saa simama, panga bidhaa.

Mwenye_Duka: Ahsanteni sana. Nimejaribu wiki hii. Jumatatu nilikula ugali na maharage nikakaa kaunta, saa mbili baadaye nikapima: 9.8. Jumatano chakula kilekile, kiasi kilekile, nikamwachia kijana duka na kutembea dakika 15 mara baada ya kula: 7.6. Najua siku mbili hazitoshi kuthibitisha kitu, lakini nimeona kwa macho yangu. Gym nimeiacha. Nitatembea baada ya chakula cha mchana na cha usiku, na madumu nimeyajaza.

Babu_Chanika: Nimesoma yote. Goti la kulia linaniuma, kutembea dakika 15 siwezi. Nesi, mwanangu, kuna la kwangu?

Nesi_Zamu: Lipo, Babu. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu hadi tano, shusha. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Mikono nayo na chupa za maji za nusu lita. Kliniki ijayo waonyeshe hilo goti, na nyayo wazikague siku hiyohiyo.

Babu_Chanika: Nina kliniki Alhamisi. Nitawaambia.