Pikapu inakata nguvu mlimani ikiwa na mzigo, fundi anataka kubadilisha nozo zote. Naombeni ushauri

Tope Jekundu
Wakuu, habari zenu. Nina pikapu ya dizeli, injini ya komon reli (bomba moja la presha, reli, linalolisha nozo zote) yenye turbo, 4x4 ya kuweka na kutoa. Kazi yake ni porini, barabara mbovu na mizigo. Kwenye tambarare haina neno. Shida inaanza kwenye mlima mrefu nikiwa nimepakia: inavuta vizuri, mara inakata nguvu, taa ya injini inawaka, na hapo hata ukanyage mafuta hadi chini haipandishi mizunguko. Nikizima na kuwasha, inakuwa nzima hadi mlima mwingine.

Mshale wa joto uko katikati muda wote. Moshi mweusi hakuna. Filta ya dizeli imebadilishwa, hali ni ileile. Mashine ya kusoma hitilafu imetoa kodi P0087. Fundi anasema nozo zote nne, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, zimechoka, tubadilishe. Kabla sijatoa hela nataka kusikia waliopitia hili.

La pili: tangu nivuke mto wenye maji ya kufika kwenye ekseli, oili ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli) ya nyuma imekuwa nyeupe na ina povu. Natanguliza shukrani.

MzeeSpana
Hiyo ni EGR (vali inayorudisha moshi kwenye injini) imejaa masizi, au turbo imekufa. Safisha kwanza.

NozoKavu
Mzee wangu, kwa heshima, hapana. Turbo ikishindwa kujaza upepo kwa kawaida ungeona kodi P0299, na EGR iliyoganda wazi ingekuja na moshi mweusi. Yeye moshi hana.

Mkuu Tope, P0087 maana yake presha ya dizeli ndani ya reli iko chini ya ile kompyuta iliyoomba. Basi. Haisemi nani kaila hiyo presha. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, reli inahitaji kama bar 300 tu, na hizo hata mfumo mgonjwa unazipata. Ukiwa mlimani na mzigo inataka 1,600 na zaidi, ndiyo maana ugonjwa unajitokeza huko na si kwenye uwanja wa gereji. Kompyuta ikiona pengo linazidi, inapunguza nguvu ili kulinda injini.

Presha inapotelea sehemu tatu: dizeli haifiki ya kutosha kwenye pampu kubwa, au pampu na vali yake ya kudhibiti haisukumi, au nozo zinavujisha na kuirudisha tangini. Fundi wako karukia ya tatu, ambayo ndiyo ghali kuliko zote, na hajapima kitu.

Fanya hivi. Weka mpira unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu kubwa, uwashe, mtu akanyage mafuta wewe ukiangalia. Ukiona vipovu vya hewa vinapita mfululizo, kuna mahali panavuta hewa. Pia panda mlima ukiwa umelegeza kifuniko cha tangi. Nguvu zikirudi, tundu la kupumulia tangi limeziba. Nozo zipimwe kwa chupa: chomoa mirija midogo ya marejesho, kila nozo iwe na chupa yake, injini iungurume dakika chache, kisha linganisha. Inayojaza chupa kupita wenzake ndiyo mbovu. Hakuna sababu ya kubadilisha zote nne kwa kosa la moja.

Onyo moja: usilegeze kamwe mirija ya presha kubwa injini ikiwa inaunguruma, wala usipapase kwa mkono kutafuta inapovuja. Dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na ni dharura ya hospitali hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano.

Kona Kali
Uza hiyo, tafuta ya petroli ulale usingizi.

Grisi Nyeusi
😂 Na ya petroli ikizima katikati ya mto?

Mimi niseme la difu maana nyote mmelipita. Mkuu, hayo ni maji. Usiendeshe hivyo hata wiki. Difu ikitembea inapata moto, ukiizamisha kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kama kipumulio chake juu ya ekseli kimeganda kwa tope, kinachovutwa kinapitia kwenye sili. Mwaga oili, angalia sumaku ya boliti ya chini: uji laini wa chuma ni kawaida, vipande vinavyoshikika kwa vidole si kawaida. Jaza oili mpya, tembea kidogo, mwaga tena, ndipo ujaze ya kudumu. Kagua na difu ya mbele, gia boksi na transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), maana vyote viliingia mto uleule. Kisha funga mpira mrefu kwenye kipumulio uupandishe hadi juu ya injini.

Tope Jekundu
Asanteni sana. Mrejesho: kifuniko cha tangi hakijabadilisha kitu. Kwenye chupa, zote nne zimerudisha karibu sawa. Ila kwenye mpira, mafuta yakikanyagwa kuna vipovu vingi sana. Kwenye sumaku ni uji tu, kipumulio nilikikuta udongo mtupu. Fundi bado anashikilia nozo.

NozoKavu
Hapo fundi wako hana hoja tena. Gari yako kama haina pampu ya umeme ndani ya tangi, pampu kubwa inavuta dizeli yenyewe toka nyuma, kwa hiyo mpira ukipasuka hautadondosha dizeli, utavuta hewa. Ndiyo maana huoni unyevu chini. Kagua kwanza kichwa cha filta, ile pampu ya mkono ya kubonyeza, sili zake zinakauka. Halafu fuata mirija ya chini ya bodi, hasa inapopita karibu na springi, tope na mawe vinaisugua hapo. Njia rahisi ya kujua: chukua dizeli safi kwenye dumu, pampu ivute humo moja kwa moja bila kupitia tangi wala filta ya gari, dakika chache tu. Vipovu vikiisha, hewa inaingia nyuma ya hapo.

MzeeSpana
Kijana kaniwahi. Ongeza hili: vipovu vikiisha, usiishie hapo. Rudi mlima uleule na mzigo uleule, mashine ikiwa imechomekwa na mtu wa pembeni akisoma. Andika presha iliyoombwa na iliyopatikana, ukiwa umekanyaga mafuta hadi chini. Zikitofautiana bado, leta namba zote mbili hapa tuzungumze habari ya vali ya pampu.