Nimepokea barua ya wakili kwa sababu ya maoni niliyoandika kuhusu kituo cha kulelea watoto: naomba ushauri

Mzazi wa Kimara:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naomba ushauri kwa jambo linaloninyima usingizi, na mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa kuwa nimeona nyuzi nyingi hapa zikiharibika kwa sababu muulizaji ameficha nusu ya habari.

Mwanangu ana miaka miwili na miezi minne. Tangu Januari nimekuwa nikimpeleka katika kituo cha kulelea watoto mchana kilicho karibu na nyumbani, kwa sababu mimi na baba yake sote tunatoka alfajiri na kurudi jioni, na dada aliyekuwa akitusaidia alirudi kwao. Mwezi uliopita nilimkuta mara mbili amelowa mkojo hadi mgongoni, nguo zimeanza kukaukia mwilini. Mara ya tatu nilimkuta na alama nyekundu kwenye mkono, juu ya kiwiko, kama za vidole. Mlezi alisema amevutwa na mtoto mwenzake. Nilipoomba kuona picha za kamera ya ulinzi, niliambiwa kamera ya chumba kile ilikuwa mbovu wiki hiyo. Nikamtoa mtoto siku ileile na kuomba nirudishiwe ada ya miezi miwili niliyokuwa nimelipa mbele. Jibu likawa kwamba ada ikishalipwa hairudishwi.

Usiku huo, nikiwa na hasira, niliingia kwenye ramani ya Google, nikakipa kituo nyota moja na kuandika: "Hawa ni wezi na wanapiga watoto. Msiwapeleke watoto wenu hapa." Kisha nikayaweka maneno hayohayo kwenye kundi la WhatsApp la wakazi wa mtaa wetu, lenye watu zaidi ya mia mbili, pamoja na picha ya mkono wa mwanangu na picha ya yule mlezi akiwa amewashika watoto wengine wawili, ambayo niliitoa kwenye ukurasa wa kituo chenyewe.

Juzi nimeletewa barua ya wakili. Inanitaka nifute maneno yote ndani ya siku 7, niombe radhi kwenye kundi lilelile na nilipe fidia ya shilingi milioni 30, na inasema nisipofanya hivyo nitashtakiwa kwa kashfa na pia kuripotiwa polisi chini ya kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Imenikumbusha vilevile kwamba fomu ya kujiunga niliyosaini ina sharti la mzazi kutozungumzia mambo ya kituo hadharani. Je, nifute? Je, nikifuta sitakuwa nimekiri kosa? Na je, mzazi hana haki ya kuwaonya wazazi wenzake?

Kijana wa Tegeta:

Pole sana, dada yangu. Mimi nisingefuta hata herufi moja. Umesema ukweli, na msema kweli mpenzi wa Mungu. Kama unaogopa, fungua akaunti yenye jina lisilo lako uyaandike upya, waone watamshtaki nani.

Wakili Mtulivu:

Dada, pole kwa yaliyompata mtoto. Kabla ya kukujibu, naomba nimpinge mdogo wangu wa Tegeta kwa heshima, kwa sababu ushauri wake ndio huwafikisha watu mahakamani. Jina la bandia si ngao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inawapa polisi uwezo wa kudai taarifa za mtumiaji kwa ajili ya upelelezi, na wanachama wa zamani wanakumbuka kwamba Desemba 2016 mwanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alifikishwa katika Mahakama ya Kisutu kutokana na mvutano wa namna hiyohiyo. Zaidi ya hayo, mzazi anayelalamika kwa jina la kujificha huonekana kama mshindani wa biashara, na hivyo hujinyima kinga yake kubwa kuliko zote, yaani nia njema.

Sasa nije kwenye barua. Ndani yake kuna mambo mawili tofauti ambayo yamechanganywa ili yatishe kwa pamoja. La kwanza ni jinai. Kifungu cha 16 walichokutajia kinazungumzia mtu anayechapisha taarifa kwenye mfumo wa kompyuta akijua kwamba ni ya uongo au ya kupotosha, na akiwa na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma. Adhabu yake ni nzito: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini lisome kwa makini neno "akijua". Mama aliyeona alama kwenye mkono wa mwanawe na kuamini kwamba amepigwa anaweza kuwa amekosea, ila kukosea si sawa na kusema uongo kwa makusudi, na upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kwamba ulijua.

La pili ni madai ya kashfa, na hapa ndipo ninapokuhofia zaidi, kwa sababu mzigo unageuka. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, ambayo ndiyo iliyobeba masharti ya kashfa kwa sasa, inahesabu kuwa kashfa jambo lolote likichapishwa linaloweza kumshushia mtu heshima yake au kumharibia kazi na biashara yake. Ukweli ni utetezi, pale ambapo kuchapishwa kwake kuna manufaa kwa umma, na usalama wa watoto wadogo ni jambo la manufaa kwa umma bila shaka yoyote. Tatizo ni kwamba wewe ndiye utakayetakiwa kuuthibitisha ukweli huo. Uliona mtoto amelowa: hilo unaweza kuliapia. Uliona alama: picha unayo. Lakini kumwona mlezi akimpiga hukumwona, na ulichoandika ni "wanapiga watoto", yaani watu wengi, watoto wengi, na zaidi ya mara moja. Maneno mawili uliyoandika gizani yamebeba tuhuma ya kosa la jinai ambalo shahidi wake hayupo.

Neno "wezi" nalo ni hivyohivyo. Kituo kilichokataa kurudisha ada kwa kutegemea masharti ya fomu kinaweza kuwa kimekudhulumu, na unaweza kukidai, ila mgogoro wa mkataba hauitwi wizi. Ungeandika kwamba ulilipa ada ya miezi miwili, ukamtoa mtoto, ukaomba urejeshewe na ukanyimwa, msomaji angekuelewa kabisa na wakili wao asingekuwa na pa kushika. Wala usidhani kwamba kutanguliza "kwa maoni yangu" kunasaidia. "Sikuridhika na usafi" ni maoni. "Kwa maoni yangu wanapiga watoto" bado ni tuhuma.

Bi Mwajuma wa Tanga:

Mheshimiwa wakili, shikamoo. Mimi ni mzazi pia. Nilisoma kwamba Kenya mahakama iliondoa kashfa kwenye makosa ya jinai. Je, jambo hilo haliwezi kumsaidia mwenzetu?

Wakili Mtulivu:

Marahaba, Bi Mwajuma. Ni kweli, tarehe 6 Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo kinakiuka Katiba, kwa hoja kwamba kumfunga mtu kwa ajili ya heshima ya mwingine ni hatua kubwa mno wakati fidia ya madai ipo. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu. Na hata Nairobi kwenyewe, mwenye kituo bado anaweza kumdai mzazi fidia ya kashfa.

Mama Mlezi:

Naomba niseme kutoka upande wa pili, na msinichukie. Ninaendesha kituo kidogo Morogoro kwa mwaka wa tisa sasa. Watoto wa umri huo huvutana na kung'atana kila siku, hata mbele ya macho yetu, na alama za vidole vya mtoto mwenzake nimeziona mara nyingi. Simtetei mwenye kituo hicho, kwa sababu mtoto kukaukiwa na mkojo mwilini ni uzembe usio na maelezo, na kama angekuwa kwangu ningemwita mlezi siku ileile. Ninachotaka mzazi mwenzangu akifikirie ni yule binti aliye kwenye picha. Pengine hakuwepo chumbani siku hiyo. Sasa sura yake imezunguka kwa watu mia mbili pamoja na neno "wanapiga", na mtaani hatapata kazi tena. Yeye hana wakili, ndiyo maana hamjasikia habari zake.

Mzazi wa Kimara:

Mama Mlezi, nimesoma maneno yako mara tatu. Sikumfikiria kabisa. Niliichukua picha ile kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa juu kwenye ukurasa wao.

Wakili Mtulivu:

Mama Mlezi amegusa jambo nililokuwa nakuja kulieleza. Binti huyo anaweza kushtaki kwa nafsi yake hata kama hukumtaja jina, kwa kuwa sura inatosha kumtambulisha. Na wapo wale watoto wawili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti, na wazazi wao hawakukuruhusu kusambaza picha hizo. Kwamba kituo kilizitangulia kuziweka hadharani hakukupi wewe ruhusa, ingawa ni swali ambalo kituo nacho kinapaswa kujibu. Picha hiyo ifute leo, usisubiri siku ya saba.

Kuhusu kufuta maneno mengine: kufuta si kukiri. Hifadhi kwanza picha za skrini zenye tarehe, usibadilishe simu uliyopigia picha za mkono wa mtoto, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hiyo na mahakama huangalia jinsi ulivyotunzwa. Kisha ondoa maneno "wezi" na "wanapiga". Barua ijibiwe kwa maandishi ndani ya siku walizotoa, ikisema kwamba umeyaondoa bila kuathiri haki zako, na kwamba malalamiko kuhusu uangalizi wa mtoto unayashikilia. Usiipuuze barua, maana madai ya namna hii yanaweza kufunguliwa hadi miaka 3 baadaye. Ile milioni 30 isikutishe. Hicho ni kiwango walichokiomba, na mahakama hupima madhara yaliyothibitishwa. Na lile sharti la fomu haliwezi kumzuia mzazi kuripoti madhara kwa mamlaka, kwa kuwa kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba hakiyapi nguvu makubaliano yanayokwenda kinyume na sera ya umma.

Afisa Ustawi Mstaafu:

Nimesubiri nione kama kuna atakayeuliza swali hili, na hakuna aliyeuliza: kwa nini watu mia mbili wa WhatsApp wamejua, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri hajajua? Vituo hivi husajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Afisa anaweza kuingia, kuangalia cheti, kuhesabu walezi na watoto, na kuuliza kuhusu hiyo kamera. Nyota moja haiwezi kufanya hata moja kati ya hayo. Kifungu cha 95 cha sheria hiyo kinamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa serikali ya mitaa, kwa hiyo hilo ni wajibu wako, na mawakili watakuambia kwamba malalamiko yaliyopelekwa kwa nia njema kwa mwenye mamlaka ya kuyapokea yana kinga ambayo kundi la mtaa halina.

Kuhusu alama za mkononi, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe, upewe PF3, yaani fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, mtoto apimwe. Ningependa ungekwenda siku ileile, kwa sababu alama hufifia, lakini nenda. Ukishindwa kufika haraka, piga namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na mafaili yaliyokufa mezani kwangu yalikuwa mengi ya wazazi waliotangulia mtandaoni, wakatishwa, wakanyamaza kabisa, na hapo watoto waliobaki kituoni wakakosa mtu wa kuwasemea.

Mzazi wa Kimara:

Nawashukuru wote. Picha ya yule binti nimeifuta, na kwa kuwa muda wa kuifuta kwa wote ulikuwa umepita, msimamizi wa kundi ameniondolea. Nimeandika kwamba niliiweka bila kuwa na sababu ya kumhusisha yeye, na nimewaomba waliokuwa wameisambaza waiache. Leo asubuhi nimepeleka barua ustawi wa jamii, wamenigongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. PF3 nimepata, daktari ameandika alichokiona. Maoni yangu kwenye ramani nimeyaandika upya hivi, naomba mheshimiwa wakili ayatazame kabla sijayaweka:

"Mwanangu alilelewa hapa kuanzia Januari. Mwezi uliopita nilimkuta mara mbili amelowa mkojo hadi mgongoni, na mara moja akiwa na alama mkononi ambazo sikuridhika na maelezo yake. Niliomba picha za kamera, nikaambiwa ni mbovu. Nilimtoa mtoto na sikurudishiwa ada ya miezi miwili. Nimewasilisha malalamiko kwa mamlaka husika, ambazo bila shaka zitakifunga kituo."

Wakili Mtulivu:

Ondoa kuanzia "ambazo bila shaka". Yaliyobaki yote umeyaona mwenyewe, yaweke.