Zana za vikundi vidogo vya kusoma: kasha kwa kikundi, kwa aina ya zana, au bahasha kwa mtoto?

MwlTandika
Wadau wa KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu), habari za kazi. Nina Darasa la Pili, vikundi vinne vya watoto sita sita ambao kusoma bado kunawasumbua. Vikundi viwili kwa siku, dakika 30 kila kimoja, kabla zamu ya mchana haijaingia. Chumba tunachangia, kabati lenye kufuli ni moja na rafu mbili tu ndizo zetu. Nalinganisha njia tatu:

A. Kasha la plastiki kwa kila kikundi, kila kitu humo.
B. Zana kwa aina: kadi za silabi mahali pamoja, vitabu pamoja, vibao pamoja. Mwalimu anachukua anachohitaji.
C. Kila mtoto na bahasha yake.

Ipi inafika mwisho wa muhula, na ipi inakufa wiki ya tatu?

kadi_na_chaki
C iondoe mapema. Bahasha 24 ni seti 24 za kadi, nani atazikata? Na bahasha ya khaki huanza kuchanika mdomoni. Bahasha ya mtoto ibebe karatasi yake ya maendeleo na daftari, basi.

A ina tundu moja kubwa: watoto wanahama. Ukipima upya, aliyekuwa anahangaika na silabi ameingia kwenye maneno, kikundi kimevunjika, na kasha limebaki na jina la kikundi ambacho hakipo. Andika ngazi kwenye kasha: silabi, maneno, aya, hadithi. Ni ngazi zilezile ambazo Uwezo, ile tathmini ya kusoma na kuhesabu kwa watoto, hupimia Kiswahili, kwa hiyo hata mwalimu mgeni anazielewa. Mtoto ndiye anayelifuata kasha. Vikundi viwili vikiwa ngazi moja, vinatumia kasha hilohilo kwa kupokezana.

B kwa dakika 30 ni hasara. Kukusanya zana sehemu tatu na kuzirudisha sehemu tatu kunakula dakika za kusoma, na ukiwa na haraka unarundika zote kwenye rafu ya kwanza unayoikuta.

Mama_Zana
Mwalimu, kwenye kadi nakubali. Kwenye vitabu B inashinda. Kitabu kimoja kinaweza kusomwa na watoto wa aya na wa hadithi, ukikifungia kasha moja utajikuta unatoa nakala nyingine bila sababu. Vitabu viwe pamoja, kila kichwa nakala saba (sita za watoto, moja yako), vimefungwa kwa utepe wa kitambaa. Raba bendi kwa joto la Dar hulainika na kunata kwenye jalada.

Wanaochapa hadithi za African Storybook, ambazo leseni yake inaruhusu, wakumbuke kijitabu cha A5 kinachokunjwa kutoka A4 lazima kurasa zigawanyike kwa nne. Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Shona kwa uzi na sindano, matundu matatu yanatosha.

silabi135
Kadi ndizo zinazovuruga kila mpango, naomba nikae hapo kidogo.

Konsonanti za herufi moja ni 18, mara irabu tano unapata 90. Ongeza ch, dh, gh, kh, ng', ny, sh, th: 40. Ongeza irabu zenyewe: 135. Sasa kata A4 safu nne kwa mistari sita, unapata kadi 24 zenye upana wa sm 5 na kitu. Kurasa sita ni kadi 144, zinabaki tisa. Wengi huziacha tupu, kumbe ndizo zinazohitajika: moja iwe *m* peke yake (bila hiyo huwezi kujenga *mtu* wala *mti*), nyingine nane ziwe nakala za pili za ba, ma, da, ka, la, bi, pi, sa. Seti yenye *ba* moja haiandiki *baba*, na hilo ndilo neno la kwanza utakalotaka.

Usitoe kadi zote 144 mezani. Kila juma weka kwenye kifuko cha zipu konsonanti nne tu pamoja na irabu: kadi 25, ukiongeza nakala za pili zinazohusika. Watoto sita wakikaa wawili wawili unahitaji vifuko vitatu, yaani seti tatu. Mbw, ndw na wenzao wakae kwenye kifuko chao hadi baadaye.

Mambo mengine: kata kona ya juu kulia ya kila kadi ili mtoto asiishike kichwa chini. Nyuma weka alama ya seti, umbo pamoja na rangi (duara jekundu, pembetatu ya kijani), kwa sababu wapo watoto wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kadi ikiokotwa sakafuni inajulikana kwao ni wapi. Chapa kwa fonti ya Andika, ni ya bure na *a* yake ni ile wanayoandika watoto. Na kwenye ng' chora alama ya juu nene. Mkasi ukipita vibaya unabaki na *ng* na mtoto anasoma *ng'ombe* vibaya kwa kosa lako.

MwlTandika
Asante sana mkuu. Nifanye laminesheni au selotepu pana inatosha?

fundi_wa_zana
Laminesheni, lakini kata kadi KWANZA, zipange ndani ya plastiki zikiachana kama milimita sita, ndipo zipite kwenye mashine. Ukishakata tena, kila kadi inabaki na ukingo wa milimita tatu uliofungwa. Kwa kuwa zinaachana, kurasa sita zitageuka karibu kumi, uliza bei kwa hesabu hiyo. Wengi hulaminisha karatasi nzima halafu wanakata juu ya maandishi. Ukingo unakuwa wazi, masika ikifika unyevu unaingia na plastiki inabanduka.

Selotepu ni ya dharura. Gundi yake hutoka pembeni kwa joto, inashika vumbi, na kadi zinagandana.

Kingine: laminesheni inang'aa. Watoto wasikae wakielekea dirishani. Na mkisomea nje kwenye kivuli, upepo unapeperusha kadi. Kunja manila kuwa na mifuko mitatu ya mlalo, yenye kina kisichoficha maandishi, ibane kwa stepla pembeni, chomeka kadi humo.

Mama_Zana
Na msitumie gundi ya unga kwenye kasha lolote. Mende wanaifuata.

kadi_na_chaki
Tandika, kwa rafu zako mbili: ya juu makasha manne ya ngazi, yenye vifuniko vinavyobana. Ya chini vitabu vimesimama kwenye boksi la rimu za A4 lililokatwa mshazari, pamoja na kasha dogo la vitu vya wote: penseli nane zilizochongwa tayari, kichongeo kimoja chenye kamba, vibao sita, chaki, vipande vya kitambaa vya kufutia. Vizibo vya soda 30 vinatosha kuhesabia sauti.

Ndani ya kifuniko cha kila kasha bandika orodha yenye idadi: "vifuko 3, kila kimoja kadi 25". Idadi ikibadilika juma hilo, badilisha na karatasi. Mtoto mmoja wa kila kikundi anahesabu kabla ya kufunga, mwalimu mwenyewe asihesabu.

silabi135
Nyongeza: kama kuna mwalimu wa pili anayefundisha saa hiyohiyo, kasha la silabi liwe mawili. Hizo ngazi nyingine zinaweza kusubiri.