Wazungu walikatazwa kuongelea ngono, au walilazimishwa kuiongelea?

Mleta mada
Wakuu salama. Kila siku nasikia eti Ulaya ya zamani ngono ilikuwa siri, kanisa liliwaziba midomo mpaka miaka ya sitini ndo wakafunguka. Mimi naona kinyume kabisa. Yule mwanafalsafa Mfaransa Foucault aliliandika hili 1976, kwamba wakubwa walitaka watu waseme, tena waseme kila kitu, ila waseme kwao: kwa padri kwanza, baadae kwa daktari na hakimu. Na anayekusikiliza ndo anayeamua wewe ni mtu wa aina gani. Padri alikuwa polisi wa chumbani kabla polisi hawajakuwepo. Mnaonaje?

Mkatoliki wa Kuzaliwa
Hapo kwa padri umenichoma ndugu yangu. Polisi anaandika maelezo yako anakupeleka mahakamani, padri anakufa na siri yako. Naungama tangu nina miaka tisa, sijaona mtu amekamatwa kwa alichosema kwenye kitubio.

Wa Mwananyamala
Hajakutukana mkuu. Ila kuungama kila mwaka kulifanywa lazima, ule mtaguso wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, elfu moja mia mbili na kitu huko. Usipoungama unazuiwa kuingia kanisani, ukifa huzikwi kikristo. Sasa hiari iko wapi hapo?

Mkatoliki wa Kuzaliwa
1215. Ukitaja taja sawasawa. Na kanuni hiyohiyo inasema padri akitoa siri anavuliwa upadri na kufungiwa monasteri atubu maisha yake yote, mbona hilo mnaliruka? Na kile kisanduku cha maungamo chenye wavu katikati kilikuja karne ya 16, kwa askofu mkuu Borromeo kule Milano, ili mwanamke asikae uso kwa uso na padri. Ni kumlinda mwanamke.

Nesi wa Zamu
Nilikuwa napita tu ila hilo neno "kumlinda" limenikaa vibaya. Uingereza 1864 ilipitishwa sheria ya magonjwa ya kuambukiza, sababu wanajeshi wao wanaumwa kaswende na kisonono, nayo wakasema ni ya kulinda. Kwenye miji ya kambi na bandari, Portsmouth, Plymouth, Aldershot, polisi asiye na sare akikuhisi tu ni kahaba unapelekwa kwa daktari ukaguliwe ukeni, ukikataa unakwenda jela, ukikutwa na ugonjwa unafungiwa hospitali, na kwa sheria ya 1869 ni mpaka miezi tisa. Mwanaume aliyekuambukiza yuko baa anakunywa. Mimi kile chuma cha kupanulia nakishika mwaka wa kumi na moja huu, nakipasha kwenye maji ya uvuguvugu, namwambia mama kila hatua kabla sijamgusa, na bado miguu inamtetemeka, na huyo kaja mwenyewe kwa hiari yake. Sasa fikiria aliyeburutwa.

Mzalendo77
Pole yao dada, lakini serikali ifanyeje, ikae iangalie jeshi linaoza? Na wanajeshi nao walikuwa wanakaguliwa, wakaacha 1859 maana waliona wanadhalilishwa, morali ikashuka.

Nesi wa Zamu
Soma tena ulichoandika kaka. Mwanaume akikaguliwa kadhalilishwa, mwanamke akikaguliwa jeshi limepona.

Mzalendo77
Unanilisha maneno. Mimi nimesema historia ilivyokuwa, sijasema napenda.

Mleta mada
Jamani turudi kwenye mada. Mnamkumbuka Krafft-Ebing, daktari wa akili, kitabu chake cha 1886 kuhusu tabia za ngono alizoziita ugonjwa? Aliwaandikia madaktari na mahakama, sehemu nzito akaziweka Kilatini ili mtu wa kawaida asielewe. Watu wakakisoma hivyohivyo, tena wakaanza kumwandikia barua wakimweleza maisha yao ya ndani, toleo baada ya toleo kitabu kinanenepa. Hao nani aliwalazimisha? Hapo ndo nataka tufike.

Wa Mwananyamala
Mkuu hapo umejichanganya, umeanza na kulazimishwa sasa unasema walijileta.

Mkatoliki wa Kuzaliwa
Na mimi namuuliza dada nesi, hiyo sheria ya 1864 nani aliipinga mpaka ikafutwa 1886? Josephine Butler, mke wa mchungaji wa Kianglikana, mama wa sala. Kwahiyo hao wenye dini mnaowaita polisi ndo waliosimama na wale wanawake.

Nesi wa Zamu
Butler namheshimu sana, alisimama kwenye majukwaa akataja mambo ambayo mwanamke wa heshima enzi zile hakutakiwa hata kuyajua, na alichafuliwa jina kwa hilo. Lakini kaka yangu, tangu ile sheria ipite mpaka ifutwe ni miaka 22. Bungeni wamekaa wanaume, daktari mwanaume, polisi mwanaume, hakimu mwanaume. Wewe umenijibu kuhusu mke wa mchungaji. Mimi nauliza yule aliyelazwa pale kitandani, maelezo yake yako wapi?